Shimo Kwenye Njia ya Udongo

Vihingo, Kisarawe
Jumamosi, 9 Julai 1977

Kwa shemeji yangu Husseini, Dutumi.

Watu huanza barua kwa kusema sisi huku wazima wa afya. Mimi si mzima, kwa hiyo naanzia hapo. Mguu wangu wa kulia umevunjika mahali pawili chini ya goti. Nimelala hospitali siku kumi na tisa, nimerudi nyumbani Jumapili iliyopita, na plasta hii nitakaa nayo mpaka mwisho wa Agosti.

Najua habari umeshazipata, maana habari mbaya haingoji stempu. Lakini hukuja wala hukuandika. Nimekusubiri siku ishirini na tano. Leo nimechoka kusubiri, nimeshika kalamu. Kalamu yenyewe unajua niliipata ukubwani, miaka thelathini na minane, kwenye kisomo cha watu wazima, nakwenda darasani na matope mikononi. Sikujifunza kuandika ili niombe huruma ya mtu.

Ilikuwa Jumanne tarehe 14 Juni. Nilipomaliza swala ya alfajiri nikachukua kijembe na tenga, nikashika njia yetu ya wanawake kwenda bondeni kuchimba udongo wa kufinyangia vyungu. Ni ile inayokata shamba lako la muhogo, ulilorithi kwa marehemu mama yako. Wewe mwanamume, nikukumbushe: mwanamke anayekwenda udongoni hasemi na mtu tangu anavuka kizingiti mpaka anatua mzigo. Akisema, vyungu vyake vitapasuka motoni. Wengine wakinyamaza huomba dua. Mimi nahesabu hatua. Kutoka kizingiti changu mpaka udongoni ni hatua 2,140. Nilipofika 1,612, ardhi ikaniondoka miguuni.

Shimo la nguruwe, limefunikwa matete, na juu ya matete majani. Nimemtuma Zubeda, mfinyanzi mwenzangu, akalipima kwa kamba: mikono minne na shubiri. Hutoki humo hata na miguu miwili mizima. Nilipiga kelele mpaka saa nne ndipo watu wakaja. Kwa hiyo na mwiko nao niliuvunja siku hiyo hiyo.

Nataka mambo mawili. Useme shimo ni lako. Halafu useme tutafanyaje, maana kiangazi hiki chote sichimbi, na udongo haujileti nyumbani wenyewe.

Mdogo wangu Mwanaamina, mkeo, simsalimu kwa sababu naye hanisalimu, ni mwaka na miezi miwili sasa. Lakini usimfiche kwamba nimemtaja.

Mimi shemeji yako,
Biubwa binti Shomari


Dutumi, Kibaha
24 Julai 1977

Kwa shemeji yangu mkubwa Biubwa, shikamoo.

Barua yako ilipita Mlandizi, ikakaa dukani siku sita chini ya gunia la chumvi, ndiyo maana jibu limechelewa. Pole, shemeji. Pole sana. Sikuandika mapema kwa sababu sikujua niandike nini, na hata sasa sijui vizuri.

Shimo ni langu. Nilichimba matatu. Unajua mwenyewe, tangu tulipohamishiwa kijijini mwaka sabini na nne mimi niko huku na shamba la mama liko huko. Nguruwe wamejua hilo kabla ya majirani. Mwaka jana waliniachia robo ya muhogo, robo tatu wakachukua wao. Siwezi kulinda shamba nikiwa mwendo wa siku nzima.

Lakini sikuchimba kwa siri. Hapa jirani yetu Abdala, aliyekuwa akifagia mahakamani zamani na akisikiliza mashauri dirishani, ameniambia nisikuandikie neno mpaka nitaje utetezi wangu wote. Basi nautaja. Kwanza, Ijumaa tarehe 3 Juni Mzee Mwinyijuma alitangaza msikitini kwamba nachimba mashimo ya nguruwe, watu wajihadhari. Pili, nilifunga kuti fundo njiani, na kila aliyezaliwa huko anajua kuti lenye fundo maana yake usipite. Tatu, shamba lina mwenyewe na hukuomba ruhusa. Nne, ulitoka gizani bila taa. Tano, ile mvua ya ghafla ya tarehe kumi huenda iliangusha kuti, na mvua ni kudra ya Mungu, hashitakiwi mtu.

Abdala anasema hapo sina ninachodaiwa. Mimi sisemi hivyo. Nasema tu ndivyo alivyosema.

Mwanaamina yupo. Barua yako aliisoma kabla yangu.

Husseini


Vihingo
Jumapili, 7 Agosti 1977

Shemeji Husseini,

Majibu yako matano nimeyapokea, nikayapanga mbele yangu kama vyungu vilivyotoka motoni, nikagonga kimoja kimoja kwa ukucha. Kinacholia sawasawa sijakipata.

Msikiti. Tangu lini mimi naswali Ijumaa msikitini? Njia ile ni ya wanawake. Wanaoipita ni wanawake kumi na wanne, nimewahesabu kwa majina. Umewaonya wanaume, ambao kwa mwiko hawakanyagi huko, na wapitaji ukatuacha. Na wanaume wetu unawajua: cha msikitini hukiacha msikitini pamoja na viatu vya wenzao.

Kuti. Zubeda amelikuta. Bado liko juu ya mkwaju, kwenye njia ya wanaume ya kuingilia shambani, limekauka vizuri. Kwa hiyo mvua haikuliangusha. Jibu lako la pili limelila jibu lako la tano, mwambie Abdala.

Ruhusa. Mama yako alikuwa mfinyanzi. Udongo ule alinionyesha yeye, kwa kidole chake, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Njia ilikuwepo kabla ya muhogo. Marehemu alilima huku na huku akaiacha katikati.

Taa. Kulikuwa kumepambazuka, naona mpaka kucha zangu. Halafu, shemeji, umefunika shimo kwa ustadi ili nguruwe asilione, na nguruwe anaona usiku kuliko mimi. Sasa unanilaumu sikuona alichofichiwa nguruwe?

Lakini nikuambie linaloniuma kuliko mfupa. Kwenye hatua ya 1,300, pale njia ya wanaume inapokata yetu, nilikutana na Salehe Matano anakwenda shambani kwake. Salehe alikuwepo msikitini ile Ijumaa. Aliona kijembe, akaona tenga, akaangalia pembeni, akanipisha kimya kwa heshima zote, kama mwanamume aliyelelewa. Ndiye huyo huyo aliyekuja kunitoa shimoni. Mpaka leo akija kuniona analia. "Bi Biubwa, ningekusemesha ningekuharibia vyungu." Nikamwambia, vyungu umeviokoa, Salehe, kunywa chai.

Nimepeleka shauri kwenye Baraza la Usuluhishi la kata. Katibu ni Ndugu Evodius. Barua yako nimempa aisome.

Kabla ya hapo nakuuliza moja tu, na usinirudishe msikitini. Wewe si mjinga, na mama yako alikulea kwenye nyumba ya udongo. Ulijua njia ni yetu. Wanawake ulimtuma nani atuambie?

Biubwa


Baraza la Usuluhishi la Kata
19 Septemba 1977

Kwa Ndugu Biubwa binti Shomari, mdai, Vihingo;
na Ndugu Husseini, mdaiwa, Dutumi.

KUHUSU SHIMO LA NGURUWE

Ndugu, kwanza heri ya Idd iliyopita. Hili ni shauri la kumi na tisa mwaka huu, na la kwanza ambalo pande zote mbili zimetukanana kwa adabu. Nashukuru.

Nilikuwa karani wa mahakama miaka kumi na minne kabla ya kuletwa huku. Nimeona niwaandikie mapema namna mambo haya yanavyopimwa, ili tarehe 6 Oktoba tusimalize jua kwa kelele.

Hili si shauri la jinai. Hakuna atakayefungwa. Mtu ameumia kwa kazi ya mkono wa mwenzake, na tunachotafuta ni nani aubebe uzito wa maumivu hayo. Mdai anatakiwa aonyeshe kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kumfikiria yeye alipokuwa anachimba, kwamba hakuutimiza, nao ndio uzembe, kwamba ameumia, na kwamba kilichomuumiza ni uzembe huo, si kitu kingine. Mguu nimeuona, hauhitaji shahidi. Na anayechimba shimo kando ya njia ana wajibu kwa kila anayejulikana kuipita, awe ndugu au adui.

Mdaiwa naye ana milango ya kutokea. Anaweza kusema mdai aliijua hatari akaikubali; lakini mtu hawezi kukubali asichokijua. Anaweza kusema mdai ni mvamizi. Lakini njia iliyoachwa wazi tangu enzi ya mama ni ruhusa tosha, na hata mvamizi hategwi kama mnyama. Anaweza kusema ni kudra. Lakini Mwenyezi Mungu alileta mvua, hakushika jembe. Anaweza kusema mdai naye alizembea. Huo mlango ni halali. Ila haufuti dai, unapunguza fidia kwa kadiri ya sehemu yake.

Mwisho anaweza kusema alitoa onyo. Hapa ndipo shauri lilipolala. Onyo hupimwa sikioni mwa anayehatarishwa, halipimwi mdomoni mwa anayeonya. Kwa hiyo nami nauliza alivyouliza mdai: wanawake walitumiwa nani? Kama yupo aliyetumwa, atajwe, naye aitwe aeleze mbele ya baraza kwa nini ujumbe uliishia njiani. Mdaiwa ajue, hilo halitamwondolea mzigo wote. Anayetuma ujumbe huhesabiwa pamoja na mguu aliouchagua kuutembeza. Lakini lawama itagawanyika, na watu wataona kila sehemu ilipo.

Baraza halihukumu, linapatanisha. Mkishindana, mtakwenda Mahakama ya Mwanzo, na huko mtasubiri kuliko mtega nguruwe.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Kuhusu mwiko wa kunyamaza njiani, naomba aje shahidi mwenye umri, isije ikasemwa katibu aliucheka.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Evodius, Katibu


Dutumi
26 Septemba 1977

Shemeji, shikamoo.

Barua ya katibu nimeisoma mara tatu. Abdala naye kaisoma, akapiga paja: "Mlango si huo? Mtaje uliyemtuma, utoke!" Nimemwambia sikumtuma mtu.

Nitakuja tarehe sita. Nitasema shimo langu, onyo halikufika, kosa ni langu. Yale majibu matano yafute. Hata nilipokuwa nayaandika sikuyaamini, ila mtu akiogopa hushika kila kilicho karibu.

Taja fidia unayotaka, nitaibeba. Nakuomba jambo moja tu: lile swali lako usiniulize mbele ya watu.

Nimechoka, shemeji. Nyumba yangu ina vyumba viwili, na vyote vimejaa kimya.

Husseini


Dutumi
1 Oktoba 1977

Dada Biubwa, shikamoo.

Barua hii anakuletea Kondo, mtoto wa shangazi, mkononi. Nimemwambia asikupe mbele ya mtu. Ni ya kwanza tangu harusi ya Mwanakheri mwaka jana. Kama itakuwa ya mwisho, hiyo ni juu yako.

Mume wangu anakudanganya. Alimtuma mtu. Alinituma mimi.

Jumatatu tarehe 6 Juni tulikuwa wote Vihingo, kwenye kibanda cha shamba. Alikuwa amemaliza shimo la tatu. Akasema, "Mama Adamu, mashimo haya yako karibu na njia yenu. Wanaume wameshaambiwa. Wapitie wanawake wote, na uanze kwa dada yako, maana ndiye anayekwenda sana." Nikasema ndiyo.

Nilikuja, dada. Nilifika mpaka uani kwako. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda unasugua mtungi kwa lile jiwe la mama, umenipa mgongo. Nikasimama pale. Nikakumbuka harusini, wanawake wote wamekaa mkekani, mmoja akauliza kwa nini mimi siku hizi sifinyangi, ukajibu wewe kabla sijafungua kinywa: "Huyu? Vyungu vyake vyote vinapasuka. Mpaka afike udongoni ameshamsalimia kila mtu na mbuzi wake. Ana mdomo huyu." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka, kama unakumbuka. Kisha nikarudi Dutumi na sikushika udongo tena.

Basi pale uani nikasema moyoni: si amesema nina mdomo? Leo sina. Nikageuka nikaondoka.

Na kwa kuwa sikuanza kwako, nikaona haya kwenda kwa wengine, wangeniuliza, dada yako je, umemwambia? Nikarudi kibandani, nikamwambia mume wangu nimewaambia wote kumi na wanne. Kesho yake tukaondoka.

Sikutaka uumie. Wallahi sikulifikiria shimo hata kidogo. Nilitaka ugeuke unione nimesimama.

Alipopata habari zako aliniuliza mara moja tu, nikamwambia kweli. Hakunifokea. Alisema, "Mimi ndiye niliyechimba," akatoka nje. Tangu hapo hilo ndilo jibu lake, na mimi ninaishi nalo ndani ya nyumba kama mgeni asiyeondoka.

Barua hii ukitaka isome barazani. Mimi siji. Sina nguvu ya kuulizwa. Lakini ukiisoma, sitasema umenionea.

Mwanaamina


Vihingo
Jumatatu, 10 Oktoba 1977

Shemeji Husseini,

Tulikuwa wote barazani Alhamisi, na ungefikiri hatuna la kuandikiana. Lakini lililosemwa pale ni nusu, na mimi sipendi hesabu iliyokatika.

Katibu alipokuuliza ulimtuma nani kwa wanawake, ukasema "Hakuna," ukaangalia miguu yako. Katibu akanigeukia mimi. Barua ya mkeo ilikuwa imefungwa kwenye pindo la khanga yangu, hapa ubavuni, na nakuambia iliwaka kama kaa. Ningeifungua, ungetoka pale mtu mwepesi, na yeye angeitwa. Ndipo nikasema, "Ndugu Katibu, swali hilo nalifuta. Mdaiwa amekubali, yatosha." Yule mtu wa Bukoba si mpumbavu. Alikaa na kalamu hewani muda wa kumeza mate mara mbili, kisha akaandika.

Sasa fidia. Ulishangaa sikutaka shilingi. Shilingi ningezipata ningezila, na udongo ningebaki bila. Kiangazi kimoja mimi huchimba mizigo arobaini. Kiangazi hiki nimepoteza yote arobaini. Ndiyo maana nilidai udongo kwa udongo, uletwe kiangazi kijacho kabla ya mfungo. Nikasema na uletwe na mwanamke wa nyumba yako, kwa sababu mwanamume hakanyagi kule. Ulimsikia Mzee Mwinyijuma: "Husseini, kama huna mwanamke tutakuazima baibui!" Watu walicheka. Wewe hukucheka. Ulikuwa umeshaelewa.

Na ulisikia nikisema mizigo ishirini na minane, si arobaini. Katibu ameandika kwamba mdai amekubali sehemu tatu katika kumi, kwa kutochukua tahadhari ya kutosha njiani. Acha iandikwe hivyo, ni mlango halali. Wewe na mimi tujue kwamba hizo tatu hazihusu taa. Sheria ya Ndugu Evodius haina kipimo cha neno lililosemwa mkekani harusini. Mimi ninacho. Nililisema kwa kuwa lilinijia vizuri mdomoni, na kwa kuwa watu walikuwa wanasikiliza. Thelathini katika mia. Pengine ni zaidi, lakini na mimi nina mguu.

Mashimo nimesikia umeyafukia yote matatu kwa siku mbili, peke yako. Ahsante. Zubeda ameyakanyaga kwa visigino, anasema yameshiba.

Plasta imetolewa. Natembea kwa fimbo. Hatua zimekuwa fupi, kutoka kizingitini mpaka kisimani zilikuwa 310, sasa ni 402.

Mwambie barua yake imefika. Usimwambie zaidi.

Biubwa


Dutumi
20 Juni 1978

Shemeji, shikamoo.

Anaondoka hapa Jumamosi na Kondo, atalala njiani kwa shangazi, Jumatatu atakuwa kibandani kwetu Vihingo. Amechukua kijembe cha mama yangu. Nimemtengenezea mpini mpya kwa sababu wa zamani uliliwa na mchwa.

Hakuniambia atakuambia nini. Nilimuuliza. Akasema katibu ameagiza udongo, hakuagiza maneno.

Muhogo mwaka huu nguruwe wamekula karibu wote. Sikuchimba kitu.

Husseini


Vihingo
Jumamosi, 29 Julai 1978

Shemeji Husseini,

Hii ndiyo barua ya kufunga hesabu, kwa hiyo nitaihesabu.

Mzigo wa kwanza ulikuja Jumanne tarehe 27 Juni, jua halijapanda. Nilikuwa uani kwenye kigoda. Safari hii nilikaa nimeelekea njia. Akaingia na tenga kichwani, akatua, akalikung'uta, akaondoka. Hakusema, na sikutegemea aseme, kwa kuwa mwiko ni mwiko. Lakini unajua, au kama hujui nakuambia, mwiko huisha pale mzigo unapotua. Akishautua, mwanamke anaweza hata kuimba. Yeye hakuimba. Wala mimi sikuimba.

Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Ijumaa hakuja. Jumamosi wa nne. Kila mzigo nilipiga alama ya chaki ukutani. Nilikuwa najiambia kesho nitasema neno, na kesho ikija naona alivyokonda shingo, naona mpini mpya, neno linanikwama kama mfupa wa samaki. Mimi huyu, niliyechekesha harusi nzima. Mzigo wa kumi na moja nilimwekea kata ya maji juu ya kigoda cha pili. Hakunywa. Wa kumi na sita akanywa. Wa ishirini na moja alikaa kwenye kigoda kabla ya kunywa, kama kuhesabu mpaka thelathini, akainuka.

Udongo wenyewe ni mzuri. Sitamdhulumu. Anachimba chini, kwenye ule wa kijivu, hafuati wa juu wa uvivu. Ameutoa mizizi na kokoto kabla ya kuubeba. Kama vyungu vyake vilipasuka zamani, sijui tena vilipasuliwa na nini.

Leo ni wa ishirini na nane. Ametua, amekung'uta tenga, ameshageuka kuondoka. Nikaona kesho hakuna mzigo, na sisi wawili si wa kutembeleana bila sababu. Nikasema, na sauti ilitoka kama bawaba yenye kutu, "Ishirini na nane. Fidia imetimia."

Akasimama. Hakugeuka upesi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Akaja mpaka kwenye lundo, akachutama, akauangalia mzigo alioutua sasa hivi. Akausukuma kando kwa mkono, peke yake, mbali na mwingine.

"Huu wa leo una mchanga," akasema. "Usiuhesabu. Nitaleta mwingine."

"Lini?"

"Kesho. Na huo nao nitauangalia kwanza."

Akanywa maji, akaenda zake.

Alipopotea njiani, shemeji, niliinuka na fimbo yangu, nikautia mkono ule udongo mpaka kwenye kifundo. Niliuminya, nikausugua kati ya vidole, nikaweka kidogo ulimini kama mama yako alivyonifundisha. Laini kama samli. Hauna mchanga hata punje moja.

Nimefuta alama ya mwisho ukutani. Zimebaki ishirini na saba. Mwambie Abdala akupikie au mtafute mwingine, mkeo usimngoje wiki hii.

Biubwa